Kabla Kichwa cha Nyonga Hakijabonyea

Maumivu ya ugonjwa wa kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja huanza mahali ambapo wengi hawapatilii maanani. Kijana wa miaka 28 au mama wa miaka 40 anaanza kusikia uchungu kwenye kinena anaposhuka kwenye daladala, anapoinuka mkekani, au anapogeuka kitandani usiku. Wengine huumwa goti. Goti linapigwa picha, linaonekana zima, mgonjwa anapewa diklofenaki na kurudi nyumbani. Miezi inapita. Siku nyonga yenyewe inapopigwa picha, lile tufe la juu ya mfupa wa paja, linalozunguka ndani ya kikombe cha kiunoni, limeshabonyea.

Ninaandika kwa ajili ya anayeumwa leo na bado anatembea, na kwa ndugu zake watakaochangia matibabu. Upo upasuaji wa kuhifadhi nyonga. Daktari bingwa wa mifupa hutoboa hadi kwenye mfupa uliokufa, huuchokoa na kuutoa, kisha hujaza pengo kwa mfupa hai uliochukuliwa sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kwa mgonjwa aliyewahi, upasuaji huu unaweza kumpa miaka mingi ya kutembea kwa nyonga yake ya kuzaliwa. Aliyewahi ni yule ambaye kichwa cha mfupa wake bado ni mviringo. Kikishabonyea, kupandikiza mfupa mara nyingi ni kumpitisha mtu kwenye kisu cha ziada, kisha bado akawekewe nyonga bandia.

Ili uelewe kwa nini muda una uzito wote huu, fahamu kinachotokea ndani. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa midogo ya damu inayopanda ikiwa imeishikilia shingo ya mfupa. Njia za akiba ni chache mno. Mishipa hiyo ikikatika, ikibanwa au ikizibwa, seli za mfupa hufa. Mfupa uliokufa hauporomoki siku hiyo. Hubaki mgumu kwa miezi, na mgonjwa huenda asihisi chochote. Taabu huja pale mwili unapoanza ukarabati, kwa sababu huubomoa mfupa wa zamani haraka kuliko unavyojenga mpya. Safu ya mfupa iliyo chini kidogo ya gegedu inadhoofika, inapata ufa, na uzito wa mwili unaikandamiza hatua kwa hatua. Kwenye eksirei ufa huo huonekana kama mstari mweusi wenye umbo la hilali. Daktari akiuona, ujue kuwa safari ya kubonyea imekwishaanza.

Kwetu, sababu ya kwanza ya kuitilia shaka ni selimundu. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo, na kichwa cha nyonga ni miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi. Wasiwasi wangu mkubwa uko hapa, kwa sababu mtu mwenye selimundu amezoeshwa maumivu, na familia nayo imezoea kumwona akiumwa. Utasikia, "Ni kawaida yake, mpeni maji na panadoli, yatapita." Maumivu ya shambulio la kawaida hupanda na kushuka ndani ya siku chache. Maumivu ya nyonga yanayokaa wiki baada ya wiki na kumfanya mtu achechemee hata siku ambazo hana shambulio ni jambo jingine. Philippe Hernigou na wenzake, waliowafuatilia kwa miaka mingi nchini Ufaransa watu wazima wenye selimundu na nyonga zinazouma, walikuta kwamba zaidi ya nyonga nane katika kila kumi zilibonyea ndani ya miaka 5 tangu ugonjwa ugundulike. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu aliyeanza kuchechemea asisubiri shambulio lijalo. Na maumivu ya nyonga yakija pamoja na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni maambukizi ndani ya mfupa au ndani ya kiungo, nayo hayangoji.

Sababu ya pili ni dawa za jamii ya steroidi, yaani prednisoloni, deksamethasoni na ndugu zake, hasa kwa dozi kubwa za muda mrefu. Mtu mwenye lupasi au ugonjwa wa figo huzihitaji ili aishi, na asithubutu kuziacha ghafla kwa kusoma makala haya. Kuziacha ghafla kunaweza kumuua. Anachopaswa kufanya ni kumweleza daktari wake mapema kinena kinapoanza kuuma. Ninaloliogopa zaidi ni deksamethasoni inayomezwa bila ugonjwa wowote. Kuanzia Dar es Salaam hadi Kinshasa, vidonge hivi vinatumiwa mitaani na wanawake wanaotaka kunenepa. Mashavu yanajaa kweli, lakini hakuna anayewaambia habari za nyonga. Binti anayevitumia na kinena kinamuuma anapaswa kumtajia daktari vidonge hivyo bila aibu, na daktari anapaswa kumsikiliza bila kumkaripia.

Pombe nyingi ya miaka mingi nayo huleta ugonjwa huu. Wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Wazamiaji wa majongoo bahari na kamba wanaopumua kwa mpira wa kompresa na kupanda juu haraka wanaweza kuharibu mifupa ya mabega na nyonga kwa viputo vya hewa kwenye damu. Kisha kuna ajali. Abiria wa bodaboda anayerushwa akateguka nyonga au kuvunjika shingo ya mfupa wa paja ameumiza mishipa ileile niliyoieleza. Nyonga iliyoteguka ni dharura ya saa chache: madaktari hulenga kuirudisha ndani ya saa 6. Kumpeleka kwanza kwa mkandaji ili "aivute" ni kuzipoteza saa ambazo zingeokoa kichwa cha mfupa. Hata baada ya matibabu mazuri, kichwa kinaweza kufa taratibu katika miaka miwili mitatu inayofuata, kwa hiyo aliyepona ajali ya namna hii asikose miadi yake ya kliniki eti kwa sababu ameanza kutembea.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio dogo la kukupa fununu. Mlaze mgonjwa chali, kunja nyonga na goti lake, kisha upeleke unyayo wake taratibu upande wa nje huku goti likibaki mahali pake. Akisikia maumivu kwenye kinena, au mguu ukigoma mapema kuliko wa pili, nyonga ina tatizo, hata kama analalamikia goti. Hujapata jina la ugonjwa kwa jaribio hili, maana hata yabisi au kifua kikuu cha nyonga huweza kutoa dalili hiyo. Umepata sababu ya kudai picha ya nyonga.

Picha ya kwanza ni eksirei, nayo ipigwe kwa mikao miwili: mguu ukiwa umenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa na kufunguliwa pembeni. Mkao wa pili huonyesha kubonyea ambako wa kwanza unaweza kukuficha. Eksirei ikiwa safi na maumivu yakaendelea, usiridhike. Mwanzoni mwa ugonjwa eksirei huwa safi kabisa, na kipimo kinachoona mapema ni MRI. Ni ghali na hakipatikani kila wilaya, najua. Hata hivyo, kama familia ina uwezo wa kuchangia kitu kimoja tu katika hatua hii, naomba kiwe hicho, na kipimwe kwa nyonga zote mbili. Ugonjwa usiotokana na ajali hushika pande zote mbili kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, na upande usiouma ndio mara nyingi wenye nafasi nzuri zaidi ya kuokolewa.

Majibu yakitoka, usiondoke na neno "nyonga imesagika" peke yake. Neno hilo la mitaani hufunika magonjwa mengi. Uliza mambo mawili. "Daktari, kichwa bado ni mviringo au kimeshabonyea?" Halafu, "Sehemu iliyokufa ni kubwa kiasi gani, na iko wapi?" Madaktari wana madaraja yao. Lile la Wafaransa Ficat na Arlet lina hatua nne: katika ya kwanza na ya pili kichwa hakijabonyea, ya tatu kimevunjika chini ya gegedu, ya nne kiungo chote kimeharibika. Mpangilio wa Steinberg wa Marekani huongeza ukubwa: chini ya asilimia 15 ya kichwa ni doa dogo, asilimia 15 hadi 30 ni la kati, zaidi ya hapo ni kubwa. Doa dogo lililo mbali na sehemu inayobeba uzito linaweza kutulia bila kisu. Doa kubwa lililo juu kwa nje, mahali uzito unapokaa, mara nyingi litabonyea lisipotibiwa. Mtoto mdogo mwenye Perthes, ugonjwa wa nyonga wa utotoni, ana njia yake tofauti, na mara nyingi mfupa wake hujijenga upya. Ushauri wa makala haya haumhusu.

Sasa upasuaji wenyewe. Ulio mwepesi zaidi ni kutoboa ili kupunguza shinikizo ndani ya mfupa. Daktari huingia kwa tundu dogo ubavuni mwa paja, na kwa kuongozwa na picha ya eksirei inayoonekana papo hapo, hupeleka keekee kupitia shingo ya mfupa hadi kwenye sehemu iliyokufa. Tundu hilo linaweza kuachwa wazi, au kujazwa uboho uliovutwa kwenye mfupa wa kiuno na kuchujwa ili kubakiza seli zenye uwezo wa kujenga mfupa. Hernigou huyohuyo ndiye aliyeitangaza njia ya uboho. Ni upasuaji mdogo, kidonda ni kidogo, na hauzuii tiba nyingine baadaye. Udhaifu wake ni kwamba hauweki kitu kigumu chini ya gegedu. Kwa doa dogo la mapema napenda ufikiriwe kwanza. Kwa doa kubwa, tundu tupu halinishawishi.

Ndipo unapoingia upandikizaji wa mfupa. Mwaka 1949, Dallas Phemister wa Chicago alieleza namna ya kuchomeka vipande vya mfupa wa muundi ndani ya tundu lile ili vitegemeze kichwa. Wengine baadaye walifungua dirisha dogo pale shingo inapokutana na kichwa, wakakwangua mfupa mfu kwa kuutazama, wakashindilia mfupa laini kutoka kiunoni. Mafundi ujenzi watanielewa haraka: unapomwaga zege la ghorofa, unaliegemeza kwa mirunda hadi likomae, na anayeng'oa mirunda kabla ya siku zake anaiangusha slabu. Mfupa uliopandikizwa hufanya kazi hiyo ya kutegemeza, huku mwili ukijenga mfupa mpya kuuzunguka.

Mfupa uliochomekwa bila mishipa yake hauna damu, na hungoja damu iuingie kutoka pembeni. Kwa sababu hiyo walitokea madaktari wanaohamisha mfupa pamoja na mishipa yake. Aliyeipa njia hii jina kubwa ni James Urbaniak wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyeanza mwaka 1979. Huchukuliwa kipande cha ule mfupa mwembamba ulio pembeni ya muundi, pamoja na ateri na vena yake. Huchomekwa kwenye shingo ya nyonga hadi chini ya gegedu. Kisha mishipa huungwa na mishipa ya paja kwa darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ni kazi ya saa nyingi na ya timu iliyoizoea. Katika ripoti yake ya mwaka 1995, nyonga 103 zilifuatiliwa kwa muda usiopungua miaka 5, na 31 kati yake ziliishia kuwekewa nyonga bandia. Kwa lugha nyingine, takriban saba kati ya kumi zilikuwa bado ni za mgonjwa mwenyewe. Kwa ugonjwa mkaidi kama huu, nayaona matokeo hayo kuwa mazuri. Lakini mguu uliotoa mfupa hulipa: wengine hubaki na maumivu ya kifundo, ganzi kwenye ngozi, au kidole gumba kinachojikunja. Njia nyingine huchukua mfupa wa kiuno, au kipande kilichoshikamana na msuli wa nyuma ya nyonga, vikiwa na damu yake, bila kugusa mguu wa chini.

Hapa lazima niwe mkweli kwa wagonjwa wa selimundu, kwa sababu wao ni wengi kwetu na ndio wanaoahidiwa mengi. Mwaka 2006 Lynne Neumayr na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliowagawa wagonjwa wa selimundu kwa kura: kundi moja lilitobolewa nyonga na kufanya mazoezi ya fiziotherapia, jingine likafanya mazoezi peke yake. Baada ya takriban miaka 3, tofauti ya msingi haikuonekana kati yao. Utafiti ulikuwa mdogo, na ulihusu kutoboa, si kupandikiza. Bado unanifanya niwaambie wazazi: fiziotherapia si kitu cha kumfariji mtu aliyekosa upasuaji. Ni tiba, ianze mapema, na mtaalamu afundishe misuli ya nyonga na makalio kuubeba mwili vizuri. Na daktari anayekuhimiza kwenye kisu akueleze kwa nini anaamini nyonga hii, kwa ukubwa huu wa doa, itafaidika kuliko ilivyokuwa kwa wale.

Akijibu vizuri na ukaamua, tayarisha damu na mwili. Mgonjwa wa selimundu aonane na daktari wa damu kabla ya daktari wa usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu kabla ya upasuaji wa hatari ndogo au ya kati walipata matatizo machache kuliko wasioongezewa, na lililoogopwa zaidi lilikuwa shambulio la kifua. Mgonjwa asikae na njaa na kiu saa nyingi bila dripu, asiachwe na baridi kwenye chumba cha upasuaji, apumue hewa ya oksijeni inavyotakiwa, na akae na kupumua kwa kina mapema baada ya kuzinduka. Kama anatumia dawa ya selimundu iitwayo haidroksiyurea, aulize mapema kama aendelee nayo. Kwa kila mgonjwa, sigara iachwe wiki kadhaa kabla, kwa kuwa hubana mishipa na kuchelewesha mfupa kuunga. Pombe na vidonge vya kunenepa viachwe kabisa. Kupandikiza mfupa huku chanzo kinaendelea ni kuupeleka mfupa mpya kwenye kifo kilekile.

Uliza pia nani atashika kisu. Taasisi kama MOI pale Muhimbili na KCMC Moshi zina madaktari bingwa wa mifupa wanaoweza kukupa maoni juu ya hatua ya ugonjwa wako, na ningeanzia huko hata kwa mwenye fedha za kwenda India. Anayesafiri asiondoke bila CD ya MRI, eksirei zote za zamani na barua ya daktari wa nyumbani. Aulize huko: mmeshafanya upasuaji huu kwa wagonjwa wangapi wenye ugonjwa kama wangu, wangapi walihitaji nyonga bandia baadaye, na nani atanifuatilia nikirudi? Ndugu wengi huhesabu nauli na kitanda, wakasahau magongo, fiziotherapia, eksirei za kila baada ya miezi michache, na mshahara utakaokatika.

Mshahara huo ndio unaoangusha wagonjwa. Baada ya kutoboa peke yake, mgonjwa hutumia magongo takriban wiki 6, kwa sababu tundu la ubavuni limedhoofisha mfupa na anguko moja linaweza kuuvunja paja. Baada ya kuhamishiwa mfupa wenye mishipa, hakanyagi kabisa kwa takriban wiki 6, kisha huongeza uzito kidogo kidogo hadi kufikia miezi 6. Maumivu huondoka mapema kuliko mfupa unavyokomaa, na hapo ndipo watu hutupa magongo. Mama ntilie hawezi kusimama jikoni miezi hiyo. Dereva wa bodaboda hawezi kukanyaga breki. Familia ikae kikao kabla ya upasuaji: nani atateka maji, nani atashika biashara, mgonjwa atalala chumba cha chini. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti kilichotobolewa katikati na kushikiliwa imara ukutani. Anayeswali aswali akiwa ameketi kwenye kiti. Magongo yapimwe urefu na mgonjwa afundishwe kupanda ngazi akiwa bado wodini. Akivimba kigimbi kimoja kwa ghafla au kifua kikimbana, arudi hospitali bila kungoja asubuhi, kwani huenda ni damu iliyoganda.

Na kama umechelewa? Kichwa kikiwa kimebonyea na kikombe kimeanza kulika, nyonga bandia ni tiba nzuri, na usikubali mtu akufanye uione kama adhabu. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 58 hivi ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Kwa mtu wa miaka 60 hiyo inatosha. Kwa kijana wa miaka 25 ina maana ya kurudiwa upasuaji, pengine zaidi ya mara moja, na kwa mwenye selimundu hatari ya maambukizi ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu nasisitiza nyonga ya kijana ipimwe mapema, na ndiyo sababu nasisitiza pia kwamba mtu anayelia kwa maumivu kila usiku juu ya kichwa kilichokwisha bonyea asizungushwe kwenye upandikizaji ili tu aonekane amehifadhiwa nyonga.

Baada ya yote haya, upande wa pili usisahauliwe. Nyonga isiyouma lakini yenye doa kwenye MRI ipewe tarehe yake ya kliniki, ipigwe picha tena kila baada ya miezi kadhaa kama daktari atakavyopanga, na mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba maumivu mapya kwenye kinena hicho ni sababu ya kurudi wiki hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya miadi.